Mwaka Nilioandika Vidole vya Watu

Mwezi uliopita tulimzika Sumaili, fundi wa nguo, hapa Kasongo. Mimi ni Mkristo, lakini pale matanga nilikaa kwenye mkeka pamoja na wazee wa Kiislamu, nikapewa wali na maharagwe kama wengine. Binti yake mkubwa, Zaina, ambaye nilimjua akiwa bado anabebwa mgongoni, akaja akainama mbele yangu na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Baba Anselmi, marehemu alikuwa anatuambia weye ulikaa kwetu Kabambare wakati wa Wabelgiji. Alisema ulikuwa unaandika watu. Ni kweli?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nauza sigara. "Ndiyo," akasema, "na hilo pia alilisema." Akachukua sinia akaenda zake. Tangu siku ile nalifikiria jibu langu. Uongo halikuwa. Lakini nilimjibu haraka sana, na mtu anayejibu haraka namna ile huwa anaogopa kitu. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Sikusoma sana, mapadri walinifundisha miaka mitano tu, na mambo mengine nitayaeleza vibaya. Ya wazazi wangu na ukoo wangu nayaacha, hayakuhusika. Nitasema mwaka mmoja tu, ule niliotembea na kaye, yaani daftari, ya kampuni ya sigara kati ya Kasongo na Kabambare, miaka michache kabla ya uhuru.

Depo ya kampuni, hapa Kasongo, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara, chenye dirisha dogo ambalo katoni zililiziba nusu. Ukiingia asubuhi, harufu ya tumbaku ilikupokea tamu kama asali iliyokaa mahali penye unyevu. Jioni ilikuwa imekaa ndani ya shati, na mahali pa kulala ulilala nayo. Mwakilishi wa kampuni alikuwa Mbelgiji mrefu tuliyemwita Bwana Miwani, kwa sababu hakuvua miwani yake myeusi hata akiwa ndani ya chumba kile cha giza. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipigia kelele hata siku moja, na nilipopata homa alinipa kinini kutoka sanduku lake mwenyewe. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mambo yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji amwone vingine. Kazi yangu aliieleza hivi: nipite kwenye maduka yote mpaka Kabambare na pande za Lusangi, nibandike picha ya kampuni ukutani, nipange paketi zitazame mlango, halafu niingie vijijini na kuwapa wanaume sigara za kuonja, mbili mbili, bure, ili waache kiko na tumbaku yao ya shambani. Mtu aliyenitangulia alikuwa ameziuza zile za kuonja. Kwa hiyo Bwana Miwani alitafuta dawa. Alinipa kaye nene yenye mistari, na tampo, yaani kikopo cha bati chenye sponji ya wino wa zambarau. Kila aliyepokea sigara, niandike jina lake na kijiji chake, kisha atie dole gumba pembeni. "Bila kidole," aliniambia kwa Kiswahili chake, "sigara umekula weye."

Niliipenda ile tampo. Lazima nikiri. Sisi wa mjini, karibu na misioni, tulikuwa tunatia sahihi, na kumshika mtu mzima kidole na kukikandamiza kwenye karatasi kulinifanya nijione karani. Sikufikiri zaidi ya hapo. Wala hakuna aliyenikumbusha kwamba mtu wa kijijini, katika maisha yake yote, alikuwa ametiwa kidole kwa ajili ya jambo moja tu: kupelekwa mgodini. Katika lugha yetu neno ni lile lile. Kuandika jina ni kuandika, na kumchukua mtu kazini, kwa hiari yake au kwa nguvu, nako ni kuandika. "Baba yake aliandikwa" maana yake ni kwamba alikwenda na labda hakurudi. Niliyajua maneno hayo tangu utoto. Namna gani sikuyaweka pamoja na kikopo changu, sijui. Labda nilikuwa mjinga. Labda nilijua na sikutaka kujua, maana kazi ile iliniletea viatu.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku tatu kwa baiskeli, sanduku la bati limefungwa nyuma, nikafika Kabambare na kupangiwa chumba kwa Sumaili. Alikuwa kijana kuliko alivyosifiwa matangani, mwembamba, na meno ya mbele yamekatika kwa kukata uzi. Cherehani ilikaa barazani. Chumba changu kilikuwa nyuma ya ukuta wa baraza ile, ukuta wa udongo uliopasuka, na kila mpasuko mkewe aliuziba kwa vipande vya nguo za wateja: kaki ya mapolisi, kaniki, kitambaa cha maua. Kitanda kilikuwa cha mianzi. Mke wake, Mama Zaina, alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese na samaki mkavu, akasonga bukari mgumu, ugali wetu, akaniangalia nikila. "Mukristo huyu," akamwambia mume wake kana kwamba sipo, "anakula kama mutu aliyetoka jela." Vijijini nako walicheka. Wanaume waliivuta sigara, wakakohoa, wakaonyeshana madole ya zambarau. Bibi mmoja mwenye kiko aliijaribu, akatema pembeni, akasema, "Hii ni moshi ya watoto." Niliandika vijiji vitano, vinne kuelekea Lusangi, na cha tano mbali, njia ya Salamabila. Katika kijitabu changu mwenyewe, ambacho nilikuwa naandika kila siku, nimekuta maneno haya: Leo watu wengi, furaha nyingi. Nilikuwa naamini hivyo.

Niliporudi miezi michache baadaye, kijiji cha kwanza ng'ambo ya mto Luama kilikuwa na vyungu motoni, kuku uwanjani, na hakuna mwanaume. Bibi mmoja alikuwa anatwanga mihogo. Nikamwamkia vizuri. "Mama, wanaume wako wapi?"

"Walikwenda."

"Walikwenda wapi?"

"Kule wanaume wanakwendaka." Aliendelea kutwanga, halafu akanitazama kuanzia viatu. "Weye ndiye Kidole Kidogo?"

Sikujua jina hilo. Akanieleza bila haraka, kama unavyomweleza mgeni njia. Kulikuwa na Bwana Kidole, mzungu anayeandika watu wa machimbo ya dhahabu. Mimi nilikuwa mdogo wake. Nikamwambia mimi ni wa sigara, kampuni nyingine, mambo mengine kabisa. "Ule wa kwanza alileta chumvi na blangeti," akasema. "Weye unaleta moshi. Kidole ni kile kile."

Vijiji vingine vitatu vilikuwa hivyo hivyo. Kutoka siku hiyo niliogopa, na woga ule haukuniacha mwaka mzima. Niliogopa nyasi zilizotikisika bila upepo. Niliogopa mluzi uliotoka kilimani na kujibiwa kutoka bondeni. Kwenye mteremko mmoja nilikuta gogo limelala njiani, pale baiskeli inaposhika kasi, nikaanguka na kuchubuka mkono mzima. Labda mti ulianguka wenyewe. Nimejiuliza mara nyingi, na sitaki kumsingizia mtu. Lakini pembeni mwa njia niliona majani yamekanyagwa, na nilisukuma baiskeli mpaka Kabambare bila kuipanda tena, nikitembea katikati ya barabara ili nione pande zote mbili.

Nilifika na homa. Mchana wa siku ya pili nilikuwa nimelala kwenye mianzi, Mama Zaina amenifunika kwa kitenge chake, nikasikia watu wanaongea barazani. Cherehani ilikuwa inakwenda. Sauti moja ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo. Ilikuwa ya Ramazani, mtu wa mtumbwi kwenye kivuko cha Luama.

"Sumaili, ule mugeni wako atapita tena kwangu lini?"

"Akipona."

"Basi asipone."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Nani aliona kampuni inampa mutu mweusi kitu cha bure? Unavuta moja, unakwenda miaka mitatu."

"Muto iko mukubwa," akasema Ramazani, "mutumbwi iko mudogo. Na watu wa misioni hawajui kuogelea. Nani atauliza?"

Cherehani ikanyamaza. Kupitia kwenye mpasuko, juu ya kipande cha kaki, niliona mguu wa Sumaili umesimama kwenye kanyagio. "Namushonea suruali," akasema. "Mukimuzamisha, suruali ile nitamupa nani? Iko na kiuno cha nzige." Wakacheka tena, na cherehani ikaanza tena. Sikuweza kujua kama walikuwa wanafanya mzaha au wanapanga. Hata leo sijui. Najua tu kwamba nililoweka kitenge cha watu kwa jasho, na kwamba nilikivuta mpaka puani kama vile kingenificha.

Walipoondoka, Sumaili aliingia na bakuli ya uji, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kaka Anselmi, weye unaandika watu?"

"Naandika majina."

"Na vidole?"

"Na vidole."

"Basi," akasema, "ni kitu gani kingine kimebaki?" Hakukasirika. Alingoja nimalize uji.

Siku ya Alhamisi, homa imepungua, nilikuwa kwenye duka moja la Kabambare napanga paketi zangu kwenye rafu wakati Bwana Kidole, yule mzungu wa machimbo, alipoingia. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye uso mzuri wa mtu anayependa chakula. Akaniita kwa jina. Akasema nikae, akanisogezea kiti kwa mguu. Sikuwahi kuona mzungu akimpa mtu mweusi kiti ndani ya duka, nikakaa ukingoni mwake. Akasema amesikia kazi yangu ni safi. Yeye, akasema, ametakiwa kupeleka watu machimboni, na kila akifika kijijini wanaume wamekwenda porini. "Lakini weye una majina, kijiji kwa kijiji. Una na vidole. Nitaazima kaye yako, nitanakili, nitairudisha. Bwana wako ni rafiki yangu, tunawinda pamoja. Jumatatu asubuhi uniletee." Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba wale watu walitia kidole kwa ajili ya sigara. Akatabasamu. "Kidole kinasema ni cha sigara?" Nilisema, "Ndiyo, Bwana." Nataka ieleweke kwamba hilo ndilo neno nililosema kwanza. Mengine yote yalikuja baadaye.

Nilimweleza Sumaili nikiwa nimesimama, maana sikuweza kukaa. Alikata uzi kwa meno. "Walisema weye ni mudogo wake, ikawa uongo," akasema. "Sasa uongo umepata baba." Mimi nilitaja njia zote: nichome kaye, lakini Bwana Miwani atasema niliuza sigara, nitafungwa; au nikimbie, lakini wapi, na buku yangu ya utambulisho iko kwake. Mwishowe Sumaili akasema jambo ambalo mimi nisingelifikiri. "Vidole ni vya wenyewe. Rudisha." Akafunika cherehani kwa gunia. "Twende wote. Ukienda peke yako, Ramazani atawapa samaki chakula."

Ijumaa kabla ya jua kuwa kali tulikuwa kwenye kivuko. Ramazani alitupokea bila salamu. Mtumbwi ulikuwa mwembamba, baiskeli yangu imelazwa mbele, maji ya kahawia yanakwenda kasi, na nilishika kingo mbili mpaka vidole vikafa ganzi. Katikati ya mto akaacha kupiga kasia. Mtumbwi ukaanza kugeuka polepole, mdomo wake unatazama tulikotoka. "Kaye iko wapi?" akauliza. Sumaili aligeuza uso. Alikuwa anatazama maji. Nikaitoa kifuani, ndani ya shati. Nikasema nakwenda kurudisha vidole. Ikabidi niseme mara ya pili.

"Ndugu yangu Amisi yumo?"

Nikasoma majina ya kijiji chao, moja moja, nikifuata mistari kwa kidole. Nilipofika kwa Amisi akasema, "Ni yeye." Nikampasulia kipande chenye jina na kidole cha ndugu yake. Hakukitupa majini kama nilivyodhani. Alikitazama, akakinusa, akaweka kidole chake mwenyewe juu ya alama ya zambarau kama mtu anayepima kiatu. Kisha akakikunja, akakitia ndani ya kofia yake, akashika kasia. "Kaa katikati," akaniambia. "Unatuelemeza."

Sijui Ramazani alipeleka habari kwa njia gani, maana alibaki na mtumbwi wake, lakini tulipofika kijiji cha kwanza wanaume walikuwa wamesharudi kutoka porini, wamesimama mbele ya nyumba, wengine na mapanga. Niliketi chini, kwenye vumbi, ili nisionekane mkubwa. Nikawa naita jina, mtu anakuja, napasua, nampa. Hakuna aliyenishukuru, na sikustahili. Mzee mmoja alikigeuza kipande chake huku na huku, akatoa tumbaku yake mfukoni, akaisokota ndani ya karatasi ile ile na kuiwasha kwa kijinga cha moto. "Hii sasa," akasema akitoa moshi puani, "ni sigara." Ndipo walipocheka, na wengi wakafanya vile vile. Wino ulitoa harufu mbaya, walikohoa mpaka machozi, na yule bibi wa mihogo akaniita, "Kidole Kidogo, njoo ule." Tulikula mchicha na bukari kwenye jani. Nilikuwa na njaa kubwa, lakini kila mtu aliyepita nyuma yangu alinifanya niinue mabega.

Kufikia Jumapili adhuhuri tulikuwa tumemaliza vijiji vinne. Kikabaki kile cha tano, njia ya Salamabila. Sumaili miguu ilikuwa imevimba, na mkewe alikuwa peke yake na mtoto. "Kimoja kimebaki," aliniambia njia panda. "Baiskeli unayo." Nikasema ndiyo, nitakwenda. Hapa nataka kuandika polepole. Ningeweza kufika jioni, kulala huko, na kurudi Jumatatu nimechelewa kidogo. Njia haikuwa mbaya. Nilisimama pale muda mrefu na baiskeli, nikaipima kaye mkononi. Ilikuwa jalada tu na karatasi tatu. Akilini nikamwona Bwana Kidole anaifungua na kukuta haina kitu kabisa. Nikaona pingu, nikaona barua kwenda Kasongo. Nikajiambia: karatasi tatu zitamtuliza. Nikajiambia pia kwamba wale wa Salamabila wako karibu na machimbo, wamezoea, wengi wao wangekwenda hata hivyo. Huenda ni kweli. Lakini sikuwauliza. Nilifuata njia ya Kabambare, na Sumaili aliponiona nimefika kabla ya magharibi alinitazama, akaingia ndani, akaleta chakula. Hakunisema. Tulikula, na hata Mama Zaina hakunitania.

Jumatatu Bwana Kidole aligeuza jalada, akaona kingo zilizopasuka. Nilikuwa nimesimama na kofia mkononi, mkojo unanibana. Akauliza imekuwaje. Nikamwambia watu wa vijijini wanapenda karatasi ya kusokotea tumbaku. Akanitazama. Kisha akacheka, akacheka kwa moyo, akampigia mwenye duka kelele kwa Kifaransa amweleze mzaha huo, na yule naye akacheka. Akachomoa karatasi zangu tatu, akanirudishia jalada. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yote niliyoiogopa siku nne. Wiki ile ile kamyo, lori la machimbo, ilikwenda kijiji cha tano kuchukua wanaume. Bwana Miwani naye alipoletewa jalada tupu alishika kichwa, akanipa kaye mpya, akasema siku hizi wino hautengenezwi vizuri. Sikuelewa alimaanisha nini, na sikuuliza. Kama alijua, alininyamazia. Kama hakujua, ni bahati yangu.

Lazima niseme yote. Katika wale waliochukuliwa, wapo waliorudi na baiskeli na sahani za enamel, na mmoja, Kalonda, alinikuta sokoni miaka mitatu baadaye akanishika mikono yote miwili. "Yaya, bila weye ningekuwa bado nalima pamba yao ya lazima," akasema, akiniita kaka mkubwa. Nikapokea shukrani ile. Nilitabasamu, nikauliza habari za watoto.

Lakini kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka ule, mvua zikiwa zimeanza, nilifungua depo asubuhi nikakuta mama mmoja amekaa mlangoni, miguu imejaa tope mpaka magotini, blangeti jipya la kijivu limekunjwa mapajani. Alikuwa ametoka kijiji cha tano. Alitembea siku ngapi sikuthubutu kumuuliza. Nilijua mara moja, nikafikiri atapiga kelele, watu watajaa, nikatazama kama njia ya nyuma iko wazi. Hakupiga kelele. Aliniita mwanangu.

"Mwanangu, udongo ulianguka, wakamuzika kule kule. Waliniletea hii." Akaligusa blangeti. "Hii hata mutu mwingine angeweza kuwa nayo. Nilisikia weye uliandika mutoto wangu, na kidole chake kimo. Naomba nione tu. Sitachukua."

Nikamwambia karatasi haipo, ilichukuliwa. Nikaanza kumweleza Jumatatu, na duka, na Bwana Kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza, akitazama katoni nyuma yangu kana kwamba huenda iko kati ya hizo. Kisha akainuka kwa kujishika kwenye mlango.

"Wale wa Lusangi," akasema, "uliwapa vidole vyao."